Mwangaza Mbili: Historia ya Taa ya Baiskeli Katika Njia za Rusizi

Wahenga walisema: mwangaza mbili, moja humponya. Katika makala haya tunakusudia kuifuata methali hiyo kwa kukitazama kitu kidogo ambacho wengi wetu hukipita bila kukijali, nacho ni taa ya baiskeli. Tumeichagua Rusizi, nchini Rwanda, kuwa kiwanja cha mazungumzo yetu kwa sababu mbili. Kwanza, huko baiskeli si chombo cha michezo tu, bali ni mgongo wa maisha ya kila siku. Pili, Kiswahili kilifika huko pamoja na njia, masoko na mipaka, kikayaacha maneno yake katika vinywa vya watu. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili atakayeifuatilia historia ya taa hiyo atajikuta anafuatilia pia historia ya lugha yake.

Hoja yetu ni hii. Aendaye kwa baiskeli gizani ana haja mbili: haja ya kuona na haja ya kuonekana. Kila aina ya taa iliyobuniwa tangu karne ya 19 imezitimiza haja hizo kwa viwango mbalimbali, na mara nyingi mnunuzi huitazama ile ya kwanza akaisahau ya pili. Sisi twaona kwamba ya pili ndiyo iponyayo.

Mahali na saa

Rusizi ipo katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, mahali ambapo maji ya Ziwa Kivu hutoka na kuwa mto Rusizi, uendao kumwagika katika Ziwa Tanganyika. Mkoa wa huko uliitwa Cyangugu hadi mwaka 2006, ulipovunjwa katika mabadiliko ya utawala, na wilaya ikapewa jina la mto. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, mji wa Kongo ambao Wabelgiji waliwahi kuuita Costermansville, na ambao wakazi wake husema Kiswahili sokoni na nyumbani.

Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kamembe, wenye maduka na kiwanja cha ndege, umekaa juu ya vilima vilivyo karibu nalo. Upande wa kusini barabara huteremka hadi tambarare ya Bugarama, yenye mashamba ya mpunga. Bonde la mto Rusizi, penye mita 950 hivi, ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Kwa hiyo mtu atokaye Bugarama kwenda Kamembe hupanda mita mia tano au zaidi. Msomaji na aikumbuke tofauti hiyo ya kimo, kwa maana tutairudia tutakapozungumza juu ya dinamo.

Jambo la pili la kukumbuka ni saa. Mahali hapa ni kiasi cha nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na hali huwa hivyo mwaka mzima kwa tofauti ndogo. Magharibi nayo ni fupi: mara jua likishazama, giza halikawii. Huko Ulaya ya kaskazini mfanyakazi huihitaji taa ya baiskeli katika miezi ya baridi, kisha huiweka kabatini kiangazi kifikapo. Rusizi hakuna msimu wa taa. Mchukuzi wa maziwa atokaye alfajiri, mwalimu arudiye kutoka masomo ya jioni, mlinzi aendaye lindoni, na mchuuzi apokeaye samaki wa sambaza kutoka kwa wavuvi wa usiku, wote hao hukutana na giza siku zote za mwaka.

Maneno yaliyosafiri

Kabla ya kuitazama taa yenyewe, ni vyema tuyatazame majina. Wakati wa Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala hadi mwaka 1895, wafanyabiashara wa pwani hawakupewa nafasi ya kutosha kuingia Rwanda kama walivyoingia katika nchi za jirani. Kiswahili kilishika mizizi huko pamoja na askari, makarani na wachuuzi wa wakati wa Wajerumani, waliojenga kituo chao cha kwanza Shangi, kando ya Kivu, mwaka 1898. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 walikikuta Kiswahili sokoni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilikifanya kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Baiskeli kwa Kinyarwanda ni igare. Asili yake ni neno letu gari, ambalo sisi nasi tulilipokea kutoka lugha za Bara Hindi. Jambo la kufurahisha ni kwamba neno hilo lilipofika Rwanda halikuendelea kumaanisha chombo cha magurudumu manne. Motokaa ilipata jina lake, imodoka, na gari likabaki kuwa la mwenda kwa miguu miwili. Tukivuka kwenda Kongo, Waswahili wa huko huiita baiskeli kinga, na Warundi husema ikinga. Hivyo katika eneo dogo msafiri hukutana na majina matatu ya chombo kimoja.

Taa kwa Kinyarwanda ni itara. Mwanafunzi ambaye bado hajafundishwa habari za sauti zilizodondoka katika Kiswahili aweke maneno haya ubavu kwa ubavu: mvua na imvura, njaa na inzara, njia na inzira, taa na itara. Mara moja ataona kwamba mahali ambapo Kiswahili kina irabu mbili zinazofuatana, Kinyarwanda kina r katikati. Mfano huo ni mwepesi, nao huonyesha udugu wa lugha hizi kuliko maelezo marefu ya kitabuni.

Mwendeshaji wa baiskeli ya kubeba abiria huitwa umunyonzi, na wakiwa wengi ni abanyonzi. Jina hilo limetokana na kitenzi kunyonga, nasi pia husema kunyonga baiskeli. Ile g kugeuka z si jambo geni kwetu: ajengaye ni mjenzi, na anyongaye ni umunyonzi. Kwa upande wa saa, Wanyarwanda huhesabu kama sisi, tangu mapambazuko na tangu machweo, wala si tangu usiku wa manane. Wasemapo saa kumi n'ebyiri, Mswahili hahitaji mkalimani. Neno hilo la saa kumi na mbili tutalikuta tena, kwani limekuwa mpaka baina ya baiskeli na usiku.

Mafuta na kabaidi

Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa, mfano wa hizi tuzionazo leo, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi ya upepo. Lakini taa ilitangulia. Joseph Lucas wa Birmingham, aliyeanza maisha kwa kuuza mafuta ya taa mitaani, alikuwa akitengeneza taa za mafuta kwa ajili ya baiskeli zile za gurudumu kubwa la mbele tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Taa hizo zilikuwa kandili ndogo zenye utambi. Mwanga wake ulikuwa hafifu, upepo na mitikisiko viliweza kuuzima, na dereva wa gari la farasi aliweza kuuona kabla mpanda baiskeli mwenyewe hajaona shimo lililo mbele yake. Kwa maneno mengine, taa ya kwanza ilikuwa ya kuonekana zaidi kuliko ya kuona.

Mwaka 1892 iligunduliwa njia ya kutengeneza kwa wingi kabaidi ya kalisi, kitu kinachofanana na mawe ya kijivu. Mawe hayo yakidondoshewa maji hutoa gesi ya asetilini, na gesi hiyo ikiwashwa huwaka kwa mwali mweupe mkali. Kabla karne haijaisha, taa za namna hiyo zilikwisha kufungwa kwenye baiskeli na motokaa. Chombo kilikuwa na vyumba viwili: cha juu cha maji na cha chini cha kabaidi, mwendeshaji alifungua kizibo kidogo, maji yakadondoka tone kwa tone, na mwanga ukapatikana. Tabu yake ilikuwa harufu, majivu meupe ya kusafishwa kila siku, na kabaidi yenyewe, ambayo ilipaswa kuhifadhiwa mahali pakavu kabisa. Katika nchi ya mvua nyingi kama Rusizi, hilo si sharti dogo.

Taa hiyo ilipita, lakini jina lilibaki. Neno karabai, ambalo kwa wengi wetu ni taa kubwa ya mafuta yenye pampu na soksi, bado linabeba ndani yake sauti za kabaidi. Watu waliuhamisha mwanga mkali kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kubadili jina. Wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, walijifunza kuwavuta samaki hao kwa taa za namna hiyo usiku. Hivyo karabai iliyoshindwa kukaa kwenye baiskeli ilipata kazi majini.

Dinamo, au mto katika gurudumu

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Juu ya msingi huo imejengwa mitambo yote ya umeme wa maji duniani, ukiwemo ule wa Rusizi. Kituo cha kwanza katika mto huu, chini kidogo ya mahali utokapo ziwani, kilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, kilichokuwa kazi ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule, kilianza kazi mwaka 1989. Na juu ya msingi ule ule imejengwa dinamo ya baiskeli. Tofauti ni moja tu: katika mtambo wa bondeni sumaku huzungushwa na mto, na katika baiskeli huzungushwa na miguu ya mtu.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza taa za baiskeli za dinamo mwaka 1923. Umbo lake ni kama chupa ndogo yenye kichwa kinachozunguka. Kichwa hicho huegemezwa ubavuni mwa tairi, na tairi likizunguka nacho huzunguka. Kwa kawaida dinamo hiyo hutoa volti 6 na wati 3, ambazo hugawanywa: wati 2.4 kwa taa ya mbele na wati 0.6 kwa taa nyekundu ya nyuma. Msomaji aone mgawo huo. Kuona kumepewa sehemu nne, na kuonekana kwa nyuma kumepewa moja.

Kwa mtu wa kipato kidogo dinamo ilikuwa neema kubwa. Haikudai mafuta, wala kabaidi, wala betri. Ikisha kununuliwa imenunuliwa. Baiskeli nzito za chuma zilizoenea Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwanza za Ulaya na baadaye za India na China, zilikuwa na dinamo kwenye uma wa mbele au wa nyuma, na fundi wa baiskeli alijua kuitengeneza.

Lakini dinamo ilibuniwa katika nchi za tambarare. Turudi sasa kwenye zile mita mia tano kati ya Bugarama na Kamembe. Mtu mwenye gunia la mchele nyuma yake hawezi kukipanda kilima kile akiwa juu ya tandiko. Hushuka akaisukuma baiskeli. Gurudumu huzunguka polepole, na taa huwa nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Akisimama kupumzika, huzimika kabisa, ya mbele na ya nyuma. Hivyo wakati ule ambapo mwendo wake ni mdogo, mzigo wake ni mpana, na gari lijalo nyuma laweza kumfikia upesi kuliko wakati wowote mwingine, ndipo anapokuwa hana nuru hata kidogo. Wakati wa kuteremka mambo hugeuka: gurudumu huenda mbio, umeme huzidi, na glopu huungua. Tena ikiungua ile ya mbele, umeme wote hukimbilia ile ndogo ya nyuma nayo ikaungua papo hapo. Zaidi ya hayo, mvua ikinyesha kichwa cha dinamo huteleza juu ya tairi lililolowa.

Si kwamba dinamo ni chombo kibaya. Tunachosema ni kwamba chombo huchaguliwa kwa kuitazama njia, na njia za Rusizi hazikuwamo katika mawazo ya waliokibuni.

Mawe na diodi

Pamoja na dinamo ilikuwapo tochi. Kwa Kinyarwanda huitwa itoroshi, kutokana na Kifaransa, na betri zake huitwa amabuye, yaani mawe. Nasi katika sehemu nyingi husema mawe ya tochi na mawe ya redio. Tochi iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani ina faida moja ambayo dinamo haina: huwaka hata baiskeli ikisimama. Hasara yake ni mawe yenyewe. Glopu ya zamani ililimaliza jiwe kwa saa chache, na mwenye nyumba alipaswa kuchagua: mawe haya yaende katika redio au katika tochi? Wengi walichagua kuwasha tochi mahali pabaya tu, kisha kuizima. Kwa njia hiyo tochi ikawa ya kuona shimo, wala si ya kuonekana.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na diodi itoayo nuru, ambayo maganda ya madukani huitaja kwa herufi tatu, LED. Diodi nyekundu ionekanayo kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Nyeupe ilikawia, kwa kuwa haikuwezekana kuipata bila kwanza kuipata ya buluu yenye nguvu. Kazi hiyo ilifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jitihada za Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Diodi haina uzi wa kuungua na hutumia umeme mdogo sana. Taa nyekundu ya nyuma ya namna hii yaweza kuwaka usiku mwingi kwa betri ndogo, na zipo zinazochajiwa kwa kisahani cha jua.

Yafaa tuseme wazi kwamba nyekundu ilitangulia nyeupe kwa miaka thelathini. Katika baiskeli, taa ya diodi ya nyuma ilienea kabla ya ile ya mbele. Kwa mara ya kwanza tangu kandili ya Lucas, kuonekana kulikuwa rahisi na kwa bei nafuu kuliko kuona.

Nani mwenye jukumu?

Twafika sasa kwenye swali zito. Ikiwa gari limemgonga mpanda baiskeli gizani, ni nani aliyepaswa kuchukua hadhari?

Swali hili lilibishaniwa sana Uingereza. Chama cha waendesha baiskeli cha nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilipinga kwa miaka mingi sharti la taa nyekundu ya nyuma. Wanachama wake walisema kwamba mwenye gari ndiye awajibikaye: aende mwendo ambao utamwezesha kusimama ndani ya upeo wa mwanga wake mwenyewe. Wakikubali kubeba taa, walisema, kesho atakayegongwa bila taa ataambiwa kwamba amejigonga. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vilikata ubishi huo. Miji ilizimwa taa kwa hofu ya ndege, wengi wakafa barabarani, na taa ya nyuma ikawa lazima.

Hatuoni kwamba hoja ya wale wazee ilikuwa ya kijinga. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde, na dereva huhitaji walau sekunde moja kutambua na kukanyaga breki. Ni haki aliye na uwezo wa kuua apewe mzigo mkubwa wa hadhari. Lakini haki haimuliki barabara. Aliyegongwa akiwa na haki yake amegongwa vilevile.

Sheria za nchi nyingi zimeyakubali mambo yote mawili. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara wataka baiskeli iwe na breki, kengele, kipande chekundu kirudishacho mwanga nyuma, na uwezo wa kutoa nuru nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma. Nchini Rwanda, Amri ya Rais ya tarehe 2 Septemba 2002 iliweka kanuni za barabara ambamo taa za baiskeli nazo zilitajwa. Aidha, mwezi wa Mei 2019 ilizinduliwa kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fika salama.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni Polisi ya Rwanda imekuwa ikiwataka abanyonzi waondoke barabarani ifikapo saa kumi na mbili jioni. Sababu yake yaeleweka: ajali za usiku ni mbaya, na baiskeli nyingi hazina taa. Lakini tuipime hasara yake. Saa kumi na mbili ndiyo saa ambayo soko hufungwa na kazi huisha. Abiria mwenye mzigo humhitaji umunyonzi wakati ule ule anapoambiwa aende nyumbani. Kwa mtu ambaye chakula cha jioni kinatokana na safari za siku ile, saa mbili za jioni si kitu kidogo. Taa ya nyuma ya bei ndogo yaweza kuwa hoja bora kuliko malalamiko. Chombo kinachoonekana ni rahisi kukitetea. Kisichoonekana hakina wakili.

Namna ya kuchagua

Kutokana na historia hii tumepata mafunzo manne, ambayo twayatoa kwa faida ya wenzetu na wanafunzi wao.

La kwanza, anayenunua kwa fedha kidogo aanze nyuma. Atie kwanza kipande chekundu kirudishacho mwanga, kisha taa nyekundu ya diodi, kisha ndipo afikirie taa ya mbele. Kipande hicho hakina betri, hakina glopu, hakizimiki mtu akisukuma baiskeli mlimani. Lakini tusikitegemee peke yake, kwa sababu huamka tu kinapopigwa na mwanga wa gari, na tope likikifunika hulala.

La pili, mwenye dinamo na asiitupe, bali aipatie mwenzake. Dinamo kwa ajili ya mbele katika tambarare, betri kwa ajili ya nyuma katika vilima. Zipo pia taa za dinamo zenye akiba ndogo ya umeme, ambazo huendelea kuwaka kwa dakika chache baada ya gurudumu kusimama. Hizo zafaa sana kwa njia za kupanda.

La tatu, mwanga mwingi si lazima uwe mwanga mwema. Tochi kali zilizojaa madukani siku hizi hutawanya nuru kila upande na kumpofusha ajaye mbele. Naye akipofuka, aliyemulika ndiye wa kwanza kuumia. Ujerumani sheria hudai kwamba mwanga wa taa ya baiskeli ukatwe juu, uanguke barabarani tu. Asiyeweza kupata taa ya namna hiyo aielekeze yake chini, ili kiini cha mwanga kiguse ardhi hatua kumi au zaidi mbele ya gurudumu.

La nne, mzigo usifunike taa. Gunia la mchele, ndizi au madumu ya maziwa yakining'inia nyuma huificha taa iliyofungwa chini ya tandiko. Mahali pake ni ncha ya mwisho ya mzigo, au mgongoni mwa mwendeshaji, au kwenye kofia yake ngumu. Na mwendeshaji avae nguo nyeupe au fulana yenye mikanda ing'aayo, kwa kuwa abiria, mzigo na baiskeli vikiwa vyeusi, usiku huvimeza vyote kwa pamoja.

Hitimisho

Katika mwezi wa Septemba 2025 macho ya ulimwengu yaliielekea Rwanda, wakati mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli yalipofanyika Kigali, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Ilikuwa heshima kubwa na ya haki. Lakini mbio hizo zilikimbiwa mchana, na barabara zilifungwa ili magari yasipite. Abanyonzi wa Bugarama na Kamembe hawafungiwi barabara. Historia ya baiskeli isiyowataja hao itakuwa imeandikwa nusu.

Sisi walimu tuna kazi mbili katika jambo hili. Ya kwanza ni ya istilahi. Kile kipande chekundu cha nyuma mafundi wetu hukiita riflekta, na baadhi ya vitabu huandika kiakisi. Kinyarwanda cha sheria hukiita akagarurarumuri, yaani kadude kanakorudisha mwanga, jina ambalo mtoto wa shule hulielewa asikiapo mara moja. Kwa nini nasi tusiseme kirudishamwanga? Lugha iliyowapa majirani gari na saa haipaswi kuona haya kujifunza kutoka kwao.

Kazi ya pili ni ya darasani. Somo la taa ya baiskeli lina sarufi ndani yake, lina fizikia, lina jiografia na lina uraia. Mwalimu aweza kuwaomba wanafunzi wakae kando ya barabara jioni, mbali na magari na mbele ya macho yake, wahesabu baiskeli zinazopita: ngapi zina taa mbele, ngapi zina nuru nyuma, ngapi hazina chochote. Kisha waandike insha juu ya walichokiona, na nakala moja ipelekwe kwa viongozi wa mtaa. Kwa njia hiyo Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi yake ya asili, yaani kusema jambo la watu mbele ya wenye uwezo wa kulitengeneza.

Kandili, kabaidi, dinamo, mawe na diodi vimepita au vinapita. Mlima wa Kamembe na giza la saa kumi na mbili vipo. Anayeupanda mlima huo usiku na awe na mwangaza mbili. Wa mbele utamwonyesha njia, na wa nyuma utamfikisha.